Mama Delphia na Kibao cha Kona ya Basi

Ndugu wa ushirika wa makanisa yetu wameniomba niandike maisha ya mama yangu, Delphia Thacker, yawekwe pamoja na ya wengine waliotutangulia mwaka huu. Nimekaa na karatasi hii tangu theluji ilipoyeyuka. Kila nikianza nachoka, naenda kuosha vyombo, narudi. Mungu anisaidie nimalize.

Wengi wenu mmemwona hata kama hamkumjua. Ukitoka mjini kwenda makanisa ya juu ya bonde la Laurel, kuna kona ambapo basi la shule lilikuwa linageuzia. Pale kwenye kokoto kilisimama kibao cha chuma cha serikali, kile cha ukumbusho wa moto wa mgodi. Kila mwezi wa Mei, Jumapili ya kupamba makaburi, kikongwe mmoja aliketi kando ya kibao hicho kwenye kiti cha kukunja, na beseni la maua miguuni. Mwaka mmoja mtu mwenye gari la Michigan alisimama akamuuliza nyanya anauzaje. Mama akamwambia nyanya bado hazijaiva, apite tena Julai. Basi yule ndiye mama yangu.

Alizaliwa huku huku juu, kwa baba aliyelima mahindi na tumbaku kwenye mteremko ambao hata ng'ombe walisita kusimama. Akiwa bado msichana aliolewa na Arvil Thacker, kijana mrefu aliyeinama kila mlango aliopita, hata wa kanisa. Mama alikuwa akisema Mungu ana mambo yake, kumuumba mtu mrefu namna ile kisha kumpa kazi mahali ambapo watu wanatambaa kwa magoti. Arvil alichimba makaa ya mawe katika mgodi uliokuwa nyuma ya kilima chetu, na hakulalamika, isipokuwa mgongo ulipomkataza kufunga viatu. Hapo mama alimfungia.

Moto wa mgodi ulishika wakati wa vuli, mimi nikiwa bado tumboni. Wachache walitoka. Wanaume kumi na mmoja hawakutoka, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Wenye mgodi walisubiri, kisha wakasema hewa ndiyo inayoulisha moto, na mdomo wa mgodi ukazibwa kwa zege na udongo, watu wakiwa ndani. Wanawake walisimama kwenye tope wakitazama. Waliambiwa mgodi utafunguliwa moto ukifa. Haukufunguliwa. Kampuni iliuza, aliyenunua naye akauza, na kila mwenye mali mpya alifunga geti jipya, hadi ikafika mahali hakuna aliyeruhusiwa kupanda kwenda kuona lile zege.

Babu yangu, baba yake Arvil, alitaka kuweka jiwe makaburini kilimani, jiwe zuri lenye jina la mwanawe. Mama alikataa. Alimwambia kwa heshima zote, lakini alikataa. Jiwe la kaburi linasema fulani amelala hapa, na Arvil hakulala pale.

"Watu watasoma tu, Delphia," babu alimwambia. "Hakuna atakayefukua."

"Mungu naye anasoma, baba."

Akaishia hapo, na babu akafa bila kuweka jiwe.

Mimi nilikua na jambo hilo. Sikuwahi kumwona baba yangu, na nilitaka mahali penye jina lake, kama watoto wengine. Jumapili ya kupamba, mnajua ilivyo kwetu: watu wanarudi kutoka Ohio na Indiana, makaburi yanafyekwa, kila jiwe linapata maua, meza zinawekwa nje, kuku na mikate na maharage, na wazee wanaongoza nyimbo kwa kutaja mstari nasi tunaufuata. Mama alipamba kaburi la mama yake, la baba yake, la mtoto wa dada yake. Kisha alisimama katikati ya watu mikono mitupu, wakati wajane wengine wameinama. Nilimwona kila mwaka. Tulipokuwa tunashuka nilimwambia tuweke jiwe, na yeye alinijibu vilevile alivyomjibu babu. Miaka ikapita hivyo, yeye akipika kwenye jiko la shule, mimi nikikua, nikiolewa, nikirudi nyumbani mjane kama yeye.

Kibao kililetwa nikiwa mtu mzima. Mtu fulani wa historia alikiombea serikalini. Kwenye geti la mgodi hapakuwa na nafasi ya magari kusimama, kwa hiyo wakakichimbia kwenye kona ya basi, huku chini kabisa. Waliandika jina la mgodi na mwaka, na kwamba wachimbaji kumi na mmoja walipoteza maisha na miili yao haikutolewa. Majina hawakuyaandika. Mimi niliposoma nilikasirika nikataka kuondoka. Mama aliendelea kusimama, akisoma kwa kufuatisha kidole hewani. Kibao kilianza na maneno haya: Si mbali na hapa.

"Huyu aliyeandika hajasema uongo," alisema.

Jumapili ya kupamba iliyofuata alimaliza kilimani, akaniambia nisimamishe gari konani. Alishuka na maua yaliyobaki, akayafunga kwenye mlingoti wa kibao kwa waya. Akafungua kile kiti cha kukunja ambacho, kumbe, alikuwa amekibeba tangu asubuhi, akakaa. Tulikaa pale hadi jua lilipovuka upande wa pili wa bonde. Malori ya makaa yalipita yakatumwagia vumbi. Sikumbuki kama tulizungumza.

Watu walimcheka, kwa upole na bila upole. Wifi yake, shangazi Oma, alitangaza mezani kwamba Delphia sasa ni mpamba mabango wa kaunti. Mzee Hobert, aliyekuwa msimamizi wa kanisa letu siku hizo, alimweka kando akamwambia kile ni chuma cha serikali, si kaburi, na asije kesho akaonekana anapamba kibao cha kikomo cha mwendo.

"Kile cha mwendo hakimjui Arvil," mama alimwambia. "Nikikuta kinachomjua, nitakiuliza kama kinataka maua."

Mzee Hobert alicheka hadi akakohoa, na hakuligusa jambo hilo tena. Miaka ya mwanzo wajane wengine wawili watatu walikuja kukaa naye. Mmoja aliolewa tena akaona haifai. Mwingine alihamia kwa mwanawe, mji wa Dayton. Baadaye akabaki mama peke yake, na mimi dereva.

Mnawajua vijana wetu na bunduki wakati wa kuwinda kulungu. Wasipompata kulungu wanakipiga kibao. Kila baada ya msimu kibao cha mama kilikuwa na matundu mapya. Mara ya kwanza nilitaka kwenda kwa sherifu. Mama alipitisha kidole kwenye tundu moja, akageuka kwenye beseni, akachukua ua la plastiki lenye shina la waya, akalipenyeza, akalikunja kwa nyuma. Lilikaa vizuri kuliko yale ya mlingotini, ambayo upepo wa malori uliyang'oa. Tangu hapo kila tundu la risasi lilipata ua lake. Mtu akitazama kwa mbali angedhani kibao kilitengenezwa hivyo.

Nikisema alikuwa na furaha pale nitakuwa nadanganya, na yeye hakupenda uongo. Alikuwa amechoka. Magoti yalimuuma, vumbi lilimkaba kifua, na watalii walimuuliza mambo yaleyale. Aliwajibu wote. Bibi, unamjua mtu yeyote kati ya hawa? Namjua mmoja. Alikuwa mtu wa namna gani? Mrefu. Wengine waliomba kumpiga picha na kibao, naye alikaa tu wakapiga. Jioni nilimnyanyua kwenye kiti, naye alinishika bega akasema, haya, kwa mwaka huu tumemaliza. Alisema kama mtu aliyetoka kuvuna.

Mwaka jana, majani yalipoanza kuanguka, kijana wa idara ya barabara alikuja nyumbani. Alivua kofia mlangoni. Mama hakumuuliza shida yake. Alimuuliza kwanza ni wa nani.

"Mimi ni Kendrick, Bibi. Kendrick Prater."

"Prater wa Burl?"

"Burl ni babu yangu."

"Babu yako alikuwa anarudi dirishani kwangu pale shuleni kuomba mkate wa mahindi mara ya pili, na maharage anayaficha chini ya sinia nisiyaone. Kaa. Wewe utakula vyote viwili."

Kijana alikaa akala vyote viwili. Nilimwona anatafuta njia ya kuanza. Alipomaliza sahani alieleza kwamba barabara itanyooshwa, ile kona itakatwa na mlima utalipuliwa kidogo, kwa hiyo kibao kitang'olewa. Alisema haraka kwamba hakitatupwa. Kitapelekwa mjini, kwenye nyasi za mahakama, pamoja na vibao vingine vya kaunti nzima, ili wageni wasimame mara moja wasome vyote. Kitasafishwa, kitapakwa rangi. Watu wengi zaidi watakiona.

Mama alikuwa ameweka mikono mezani.

"Na maneno?" aliuliza.

"Maneno gani, Bibi?"

"Kinaanza na si mbali na hapa. Huko mahakamani mtaandika nini?"

Kendrick alinitazama mimi. Alisema herufi zimemiminwa pamoja na chuma chenyewe, hazibadiliki, na kuagiza kibao kipya hakuna fungu. Kisha akasema jambo ambalo naamini alilisema kwa wema. "Bibi, nani atakwenda kupima?"

"Kutoka mahakamani hadi kwa Arvil ni mwendo wa nusu ya asubuhi kwa gari," mama alisema. "Kitakuwa kinadanganya mchana na usiku, mbele ya hakimu."

"Si mimi ninayepanga, Bibi. Mimi ndiye wanayemtuma."

"Najua, mwanangu. Basi waambie wangoje nipambe mara moja zaidi."

Alisema ataomba. Alisema pia, kwa sababu ni mtoto aliyelelewa vizuri na hakutaka kumdanganya, kwamba mitambo imepangwa kufika kabla ya Mei. Mama alimfungia mkate kwenye karatasi, naye kijana akaenda nao.

Usiku ule nilidhani wakati umefika. Nilimwambia, Mama, sasa kibao kinaondoka. Baba atabaki bila mahali popote. Tuweke jiwe kilimani kama watu wengine.

"Watu wengine wana mtu chini yake, Wilda."

"Kwa hiyo nikifa mimi, nani atajua kwamba nilikuwa na baba?"

Hilo sikuwa nimewahi kumwambia. Mama alizima taa ya jikoni, akaenda kulala, na mimi nikabaki gizani nikisikia kifua chake kikikoroma nyuma ya ukuta. Tulikuwa wanawake wawili tuliochoka, kila mmoja na haki yake, na mtu tuliyekuwa tunamgombania amekaa miaka yote bila kusema neno.

Jumapili moja baadaye, ibada ilipokwisha, mama aliniambia nimpandishe makaburini. Upepo ulikuwa mkali na njia ina matope. Nilimwambia tungoje masika. Akasema masika ni mbali. Mzee Denzil Fugate alitusikia, akapanda nasi kumshika mkono wa pili. Mzee Denzil, kwa wasiomfahamu, alichimba katika mgodi ule ule alipokuwa kijana, akaacha kabla ya moto kwa sababu alivunjika mguu. Huwa hapendi kuuzungumzia.

Mama alisimama kwenye sehemu yake, ile aliyotengewa kando ya wazazi wake, na nafasi tupu pembeni ambayo babu aliiacha kwa ajili ya Arvil. Alitazama mgongo wa kilima. Upande wa pili wa mgongo ule ndiko uliko mdomo wa mgodi.

"Kaka Denzil," alisema, "mlichimba kuelekea wapi?"

Mzee alichimba udongo kwa ncha ya fimbo. "Tuliingia kule nyuma, tukaja huku."

"Huku kwetu?"

"Huku. Makaa yalikuwa yanakuja huku, nasi tukayafuata."

"Yalifika hapa chini yangu?"

"Dada Delphia, usinilishe kiapo. Chini kule hakuna anayejua yuko chini ya nini. Kuna siku tulisikia maji, tukasema ni kijito cha kanisa. Huenda kilikuwa kingine. Siwezi kukuambia Arvil yuko chini ya miguu yako. Ila mbali hayuko. Kule konani ndiko mbali."

Mama alimtazama, kisha akanitazama mimi, na akaanza kucheka, kicheko cha bila sauti kinachotikisa mabega. "Ananiambia leo," alisema. "Nimekula vumbi la malori hadi limekuwa chakula, na huyu bwana yupo, anakula kuku wangu kila Mei."

"Hukuniuliza," Mzee Denzil alisema. "Na mimi sikutaka kuulizwa."

Alipomaliza kucheka alifuta macho, na kabla hatujashuka aliniambia anachotaka. Hakutaka jiwe la Arvil. Alitaka jiwe lake mwenyewe, lichongwe akiwa hai, na jina lake juu, kwa kuwa hapo hakika atalala. Na chini ya jina liandikwe: Mke wa Arvil Thacker, aliyelala si mbali na hapa.

"Hapo kuna jina lake," aliniambia. "Ukipita na watu waonyeshe. Na hakuna uongo ndani yake."

Mchonga mawe wa mjini alisita. Alisema kwenye jiwe la mke watu hawaandiki habari za mume alipo, wanaandika aya ya Biblia au picha ya mikono iliyofumbatana. Mama alimwambia mikono iliyofumbatana aiache, anayo miwili ya kwake. Jiwe lilikuwa tayari kabla ya Krismasi. Alipelekwa kulitazama kwenye karakana, akapitisha kidole kwenye kila herufi ya jina la baba, polepole, kama alivyofanya konani, ila safari hii alikuwa anagusa kweli. Alisema limechongwa vizuri. Akaomba arudishwe nyumbani alale.

Hakuamka sana baada ya hapo. Alikuwa mtu aliyeshusha mzigo na sasa anatafuta pa kukaa. Kifua kilimbana zaidi, daktari alitaka kumlaza hospitali, yeye akataka kitanda chake. Bwana alimchukua mwezi wa Februari, asubuhi, nikiwa namchemshia maji. Ardhi ilikuwa imeganda, na ndugu wa kanisa walichimba kaburi kwa zamu, wakiwasha moto juu ya udongo ili ulegee. Mzee Denzil alitaja mistari ya wimbo, nasi tukafuata, na sauti yake ilikatika kwenye mstari wa mwisho, tukaumaliza bila yeye.

Kibao kiling'olewa Aprili. Sikwenda kuangalia. Jioni ile Kendrick Prater alikuja na pikapu ya kazi, matope hadi magotini, akaweka ndoo kibarazani kwangu. Ndani yake yalikuwamo maua ya mama, yale ya kwenye matundu. Alisema wenzake walitaka kuyakata kwa koleo, yeye akayakunjua waya mmoja mmoja. Alinipa pole. Alisema aliomba wangoje, wakakataa. Nilimwambia mama alijua kwamba ataomba. Nilimpa chakula, akala vyote bila kuambiwa.

Nimepita mahakamani mara moja tangu hapo, kulipia leseni ya gari. Kibao kipo kwenye nyasi, mlingoti mpya, kati ya cha jenerali fulani na cha daraja la mbao lililoungua. Matundu yamezibwa, rangi inang'aa. Mwanamke mmoja na mumewe walikuwa wanasoma. Mwanamke aliposoma mstari wa kwanza aligeuka akatazama huku na huku, kwenye benki, kwenye kituo cha mafuta, kama anayetafuta mgodi. Nilifikiri kumwambia. Miguu ilikuwa inaniuma, nikaingia kwenye gari.

Jumapili iliyopita tulipamba. Tulikuwa wachache mwaka huu. Nauli na mafuta vimepanda, na wazee wa Ohio nao wanakufa kule kule. Nilipanda na ile ndoo. Shangazi Oma, ambaye sasa haoni vizuri, aliniuliza nimeleta maua gani, nikamwambia ni ya kibao. Akasema, "Basi nipe na mimi nimuwekee kaka yangu," na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilimwona anampamba. Alipapasa jiwe la mama hadi akafikia herufi za chini, akachomeka shina palepale udongoni. Mimi nikaweka yaliyobaki. Yamepauka na waya zake zimepindapinda kwa kukaa kwenye matundu, na hayasimami wima hata ukifanyaje.

Baadaye nilifungua kiti cha kukunja, nikakaa. Kule juu hakuna vumbi. Walikuwa wanaimba mezani, na mimi sikuwa na nguvu ya kuitikia, nikasikiliza tu.

Mama alizaliwa upya katika Kristo akiwa mjane kijana, akabatizwa mtoni wakati wa baridi, na hakuliacha kanisa. Ameniacha mimi, binti yake wa pekee, na wajukuu wawili walio mbali. Ninyi mnaosoma, mkipita bonde la Laurel, kona haipo tena, barabara imenyooka na magari yanakwenda kasi. Pandeni kanisani, mgeuke kushoto kwenye geti la makaburi. Atakayekuwa amechoka atakuta kiti nimekiacha nyuma ya jiwe.